Wewe Ni wa Nani?

Ċetta Camenzuli aliijua milango yote ya kijiji cha Ħal Dwieli kabla hajajua kusoma, kwa sababu baba yake alikuwa akisambaza mikate kwa mkokoteni na mama yake hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Alikaa juu ya magunia, akaona nani anachukua mkate mmoja, nani anachukua miwili, na nani anatoa mkono tu mlangoni ili asionekane na nguo ya kulalia saa nne asubuhi. Elimu ya namna hiyo haina cheti. Lakini alipofika miaka kumi na tisa na kupata kazi ya kuunganisha simu pale posta, ilimfaa kuliko vyeti, maana watu wa kijiji chetu hawakuwa na desturi ya kuomba namba. Walisema, "Nipe wa Misumari," naye akawapa.

Wa Misumari, wa Tumbo, wa Mjane, wa Kengele Mbovu. Serikali inatujua kwa majina matatu, Zammit, Grima na Camenzuli, tugawane watu elfu mbili na ushee, na wanaume karibu wote wamebatizwa kwa watakatifu wanne walewale. Bila lakabu ya ukoo mtu hawezi hata kusengenywa ipasavyo. Ndiyo maana kwetu mgeni haulizwi anaitwa nani. Anaulizwa: wewe ni wa nani?

Kutoka posta Ċetta alihamia ubao wa simu wa hospitali, na kutoka hapo akaingia chumba cha magari ya wagonjwa. Huko alikaa hadi nywele zikageuka rangi, akapaka dawa, zikageuka tena. Kazi yake aliifanya kwa swali lile moja. Mtu akipiga simu analia, Ċetta anauliza, "Wewe ni wa nani?" Akijibiwa, anamwambia dereva, na dereva anafika. Asipofika, si kwa sababu ya kupotea. Ni kwa sababu gari limezimika.

Halafu maendeleo yakaja, na lazima tuseme kweli: yalichelewa. Yalileta magari sita mapya yenye mashine za kushtua moyo ndani yake. Yalileta ramani ya kompyuta ya visiwa vyote vya nchi yetu, mlango kwa mlango, na karatasi ya maswali kumi na moja ambayo mpokea simu huyasoma kwa mpangilio huohuo hata kama anaongea na dada yake. Yakamleta pia mhandisi Raniero Agius, kijana mpole wa mjini aliyesomea ughaibuni, aliyetembea na chupa ya maji kila aendako kama mtu anayevuka jangwa.

Katika kikao cha kwanza Raniero alieleza kwamba lakabu hazitatumika tena. Ni suala la faragha. Simu zote sasa zinarekodiwa, na baadhi ya lakabu, alisema huku akitafuta neno, hazina heshima.

"Bi Ċetta, husemi tena 'wewe ni wa nani'. Unasema 'anwani yako ni ipi'."

"Na wakisema hawaijui?"

"Mtu gani hajui anwani yake?"

Chumba kizima kilitazama dari.

Ili kila mtu awe na anwani, baraza lilitengeneza vibao vya namba vya chuma, vizuri kabisa, vya buluu. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa. Ħal Dwieli ina bendi mbili za matarumbeta. Bendi ya Bikira Maria ni ya buluu, bendi ya Mtakatifu Yosefu ni nyekundu, na watu wa nyekundu hawatundiki kitu cha buluu mlangoni hata kikiwa ni dawa. Nusu ya kijiji walivipigilia vibao siku hiyohiyo. Nusu nyingine walivipokea kwa adabu, wakavifungia kabatini, na fomu ya kuviandikisha kwenye ramani wakawashia jiko. Baraza likaripoti kwamba zoezi limekamilika, kwa kuwa vibao vyote vilikuwa vimetoka ofisini.

Simu ninayotaka kuisimulia iliingia siku ya sikukuu ya Bikira Maria, katikati ya Agosti, saa saba kasoro dakika nane mchana. Kinachojulikana juu yake kinajulikana neno kwa neno, kwa sababu hiyo ya kurekodi.

"Dharura. Anwani yako ni ipi?"

"Salvu ameanguka! Alikuwa anafunga madirisha hawa wa buluu wasipite wakatuona, akasema 'washenzi', akaanguka!"

"Anapumua?"

"Anakoroma. Siyo kukoroma kwake kule. Nakujua kukoroma kwake, nimekusikia miaka arobaini na nane."

Ċetta alijua ukoromaji huo ni wa nini. Karatasi nayo ilijua, swali la tatu. Moyo umesimama, na mwili bado haujaarifiwa.

"Jina lake kamili, mama?"

"Salvu Zammit. Mimi Karmena."

"Nyumba?"

"San Ġużepp."

"Mtaa?"

"Mtaa Mpya. Ħal Dwieli."

"Namba ya mlango?"

"Ipo kabatini."

"Namba ngapi, mama?"

"Nitajuaje? Salvu aliifunga na gazeti akaitia nyuma ya mashuka! Njooni!"

Alikuwa akipiga kwa simu ya mkononi aliyoachiwa na bintiye, na simu hiyo ilichora kwenye ramani duara lililomeza kijiji kizima pamoja na makaburi yake. Lakini kompyuta ilikwisha kufanya kazi yake. Salvu Zammit, San Ġużepp, Mtaa Mpya, 22. Alama ya kijani. Raniero, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alipumua kwa kuridhika.

"Ndiyo hiyo. Tuma."

Ċetta alituma. Gari la dereva Wistin Cutajar liliondoka saa saba kasoro dakika sita. Kufika Ħal Dwieli ni dakika kumi na moja, kama mabasi yanakubali.

"Mama Karmena, gari linakuja. Sasa fungua mlango wa mbele, uuache wazi."

"Leo? Na hawa wanapita?"

"Uuache wazi!"

Ulisikika mlango. Kisha fataki, zile za mchana zisizo na rangi, kazi yake ni kelele tu, zikapasuka hewani moja baada ya nyingine, na kwa sekunde tano hakuna aliyesikia kitu.

"Piga magoti pembeni yake. Weka simu sakafuni, ibonyeze spika. Mikono yote miwili katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine. Kandamiza kwa nguvu, haraka, uhesabu na mimi. Moja, mbili, tatu, nne."

"Magoti yangu..."

"Magoti tutayaombea baadaye. Moja, mbili, tatu, nne."

Mama Karmena alianza. Alikuwa na miaka sabini na moja. Zamani, na hili Ċetta mwenyewe hulisema, angemwambia tu, "Tunakuja, sali." Watu wengi walizikwa wakiwa wamesaliwa vizuri sana.

Kwa hiyo mikono ilikuwa kifuani, gari lilikuwa njiani, na alama ilikuwa ya kijani. Ċetta alikuwa anahesabu huku kitu kinamkereketa, kama mwiba wa samaki kooni. Mtaa Mpya.

Kuna Mtaa Mpya miwili. Ule wetu uliitwa mpya na watu ambao mifupa yao sasa iko chini ya sakafu ya kanisa. Baraza liliufuta jina likaupa la monsinyori mmoja marehemu, na hakuna aliyetambua isipokuwa ramani. Baadaye zilipojengwa nyumba za kisasa kule kwenye machimbo ya mawe, upande wa pili wa kijiji, baraza lilikuta jina limekaa bure, likalitumia. Huko machimboni, namba 22, anaishi Salvu Zammit wa Misumari, seremala, na mkewe Karmena. Mtaa wa zamani pia una Salvu Zammit. Mkewe pia ni Karmena. Nyumba zote mbili zinaitwa San Ġużepp, yaani Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa wote ni wa nyekundu na mtakatifu ni mmoja. Tofauti ni kwamba seremala alipata upungufu wa msimamo akaandikisha kibao chake. Yule mwingine hakuandikisha. Kompyuta ilimpata Salvu mmoja kwa sababu wa pili alikataa kupatikana.

Kutoka machimboni hadi mtaa wa zamani siku ya sikukuu, barabara zimefungwa, vibanda vya peremende kila kona: robo saa. Robo saa Salvu hakuwa nayo, awe yupi.

"Mama Karmena, Mtaa Mpya upi?"

Mikono ilisimama. "Nini?"

"Upi? Wa zamani au wa machimboni?"

"Mtaa Mpya! Kwani kuna mingapi?" Na fataki nyingine ikala kilichofuata.

"Kandamiza! Moja, mbili, tatu, nne."

Hapo ndipo Ċetta alipoona bei ya maswali yake. Mama yule hakuweza kuongea na kukandamiza kwa pamoja. Pumzi zilikuwa za kazi moja. Kila swali lilikuwa linamwondolea Salvu damu kichwani, na maswali ya anwani humfanya mtu wa Ħal Dwieli aeleze njia kuanzia kwa marehemu shangazi yake. Alikuwa na swali moja, pengine.

Skrini ilionyesha gari limebakiza dakika nne.

"Mama. Wewe ni wa nani?"

"Bi Ċetta," alisema Raniero kwa upole.

"Nimeshakwambia. Wa Salvu Zammit."

"Wa nani?"

"Sisi hatuna jina jingine!"

Na akaendelea kukandamiza.

Ċetta aliondoa kidole kwenye karatasi ya maswali. Ħal Dwieli haina ukoo usio na lakabu. Ina ukoo mmoja tu unaosema hauna. Mwaka wa njaa, wakati wa vita, meli zikizamishwa baharini na watu wakipikiwa supu ya kupanga foleni, mbuzi wa padri alipotea Jumanne, na Jumatano harufu ya mchuzi ikatoka kwenye nyumba ya babu yake Salvu wa mtaa wa zamani. Hiyo ndiyo historia yote. Tangu siku hiyo ni tal-Mogħża, wa Mbuzi, na tangu siku hiyo wanakana. Walimshtaki jirani aliyeliandika jina ukutani kwao, wakashinda, hakimu akalipiga marufuku, na sisi wote tukatii kwa kulitamka kwa sauti ya chini.

"Si machimboni," Ċetta alisema. "Ni mtaa wa zamani. Nabadilisha."

"Amethibitisha?" aliuliza Raniero.

"Amekataa."

"Kukataa si kuthibitisha, Bi Ċetta."

"Kwetu ni kuthibitisha."

"Mtu mwenye hofu anasema lolote. Pengine hataki tu kuulizwa. Ramani imepata jina, nyumba na mtaa. Vitatu kwa vitatu. Ukimgeuza dereva na huyu mtu yuko machimboni..."

Hakumaliza, na hakuwa mjinga. Ċetta naye alikuwa anafikiria hilohilo: kwamba mke wa seremala ni mtu wa mjini Sliema, watu wa Sliema hujifanya hawana lakabu, na yeye alikuwa anakaribia kuuweka moyo wa mtu juu ya majivuno ya mke ambaye hakujua ni yupi.

"Moja, mbili, tatu, nne," alisema kwenye simu. Na kwa Raniero: "Iandike kwa jina langu."

Raniero alikunywa maji. Akaiandika.

"Wistin, uko wapi?"

"Naingia mzunguko wa Ħal Dwieli. Nakata kushoto."

"Kata kulia."

"Skrini inasema kushoto, dada."

"Kulia, Wistin. Mtaa Mpya wa zamani."

Tairi zililalamika. "Kulia. Haya. Nyumba ipi? Huku hakuna namba hata moja, wamefunga madirisha yote, kama wamehama."

Mtambo mpya una sifa moja iliyopongezwa sana kikaoni: mpokea simu anaongea na dereva bila kumwacha anayepiga, wote wanasikia. Kipo kitufe cha kumziba mpigaji. Lakini mama Karmena alikuwa anakandamiza kwa kufuata sauti, na mara mbili Ċetta alipovuta pumzi tu, mikono ilisita. Akimziba, Salvu anazibwa pia.

"Moja, mbili. Uliza wa Mbuzi. Tatu, nne."

Mikandamizo ilikatika. Hakukuwa na pumzi wala hesabu. Fataki tu, mbali.

"Umesema nini?"

"Kandamiza, mama."

"Umesema nini wewe mwanamke?"

"Nimesema kandamiza!"

"Na mume wangu yuko hapa chini amelala, wewe unatuita..."

"Nikasirikie kwa mikono! Moja, mbili!"

Mama Karmena akamkasirikia kwa mikono. Daktari alikuta baadaye mbavu mbili zimevunjika, akaandika kwamba ni dalili ya mikandamizo yenye kina cha kutosha.

Ċetta alikuwa amekwisha kujua amepata nyumba. Lakini nyumba si mgonjwa. Saa saba na dakika tano Wistin alirudi redioni, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na matarumbeta.

"Bendi imejaa mtaa mzima. Siwezi kupita. Wameweka na ngazi katikati."

"Shuka."

"Nimeshashuka. Nina mashine. Nakimbia." Alikuwa anahema, halafu hakuwa anasema na redio tena. "Nyie! Wa Mbuzi wako wapi? Wa Mbuzi!"

Walioshuhudia wanasema bendi nzima ya Bikira Maria, watu hamsini na watano, ilinyoosha vidole bila kuacha kupuliza, na kwamba aliyekuwa na ngoma kubwa alinyoosha kigongo. Nyumba ya tatu, ile yenye mlango wazi. Kisha mkuu wa bendi aliangalia mlangoni, akaona miguu ya mtu sakafuni na mwanamke mzee juu yake, akashusha mkono. Muziki ulikatika katikati ya noti. Hilo halijawahi kutokea mbele ya nyumba ya mtu wa nyekundu. Kwa kawaida hapo ndipo hupuliza zaidi.

Kwenye simu Ċetta alisikia viatu, sauti ya Wistin ikisema, "Sogea kidogo, bibi, umefanya vizuri," na mashine ikitoa maagizo yake kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. Kaeni mbali. Mlio. Wakasubiri. Chumbani watu watatu walikuwa wameacha kazi zao na hakuna aliyewakemea. Raniero alikuwa ameshika chupa yake bila kifuniko.

Mashine ilisema tena. Kaeni mbali. Mlio wa pili.

Kisha ikaja sauti ya Wistin, si kwa redio, bali kupitia simu iliyosahauliwa sakafuni: "Salvu? Salvu, unanisikia? Usiniangalie hivyo, mimi sina rangi, mimi ni wa Mosta, si wa hapa."

Ċetta alivua visikizio, akaviweka mezani, akaomba dakika tano. Alipewa nne, kwa kuwa simu nyingine iliingia.

Ramani imerekebishwa. Raniero mwenyewe alikwenda Ħal Dwieli wiki iliyofuata na daftari, akazunguka kwa miguu siku nne, na inasemekana alirudi akijua yeye ni wa nani, ingawa hajataka kutuambia.

Siku ya ishirini baada ya sikukuu, binti yake Salvu, Marvic, alifika kwenye chumba cha simu na kuuliza nani ni Ċetta. Mkono mmoja ulikuwa na boksi la vikeki vya tende, bado vya moto, mafuta yakitokeza kwenye karatasi. Mkono wa pili ulikuwa na bahasha ndefu ya wakili.

"Hivi vimetoka kwa baba," alisema akiweka boksi. Akaweka bahasha juu yake, akafikiri, akaihamishia pembeni isilowe mafuta. "Na hii imetoka kwa mama."

"Anaendeleaje?"

"Baba? Analalamikia chumvi. Wamemkataza."

"Mama."

"Hajambo. Alisema nikuone uso nikamwambie ulivyo." Marvic alimtazama. "Barua inataka uombe radhi kwa maandishi kwa kulitamka jina. Kurasa mbili. Sikuiandika mimi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimebeba tu." Alisita kidogo mlangoni. "Vimetengenezwa na mama, hivyo. Baba hajui hata jiko linawashwa wapi."

Ċetta alisaini kuwa amepokea barua, akaandika saa na tarehe. Kisha akafungua boksi, akawapitishia wenzake kwanza, kama inavyotakiwa, akabaki na kile cha pembeni kilichoungua kidogo.